Mtaalamu anapoondoka, faili libaki shuleni

Shule ya msingi ya serikali ikiletewa saruji ya kujengea choo, kamati ya mapokezi inakutana. Mifuko inahesabiwa mmoja mmoja, hati ya kupokelea inasainiwa, na mfuko mmoja ukipungua mkaguzi wa ndani wa halmashauri anaweza kufunga safari kuja kuuliza. Shule hiyohiyo ikitembelewa na mtaalamu wa tiba ya mazoezi, mpimaji wa masikio au shirika lililoleta viti mwendo, hakuna kamati inayokutana. Mgeni anasaini kitabu cha wageni, anakaa na watoto saa mbili, anapiga picha, anaondoka. Wiki inayofuata ukimuuliza mwalimu mkuu ni mtoto gani alifanyiwa nini na kinachofuata ni kipi, mara nyingi karatasi pekee anayoweza kukuonyesha ni kile kitabu cha wageni.

Maoni yetu ni haya: huduma yoyote anayopewa mwanafunzi mwenye mahitaji maalum akiwa shuleni, hata ikitolewa bure na mtu wa nje, ni kazi ya shule. Mwalimu mkuu aisimamie kama anavyosimamia vipindi. Mtaalamu afuate ratiba ya shule na malengo waliyokubaliana na mwalimu na mzazi, na kila anachokigundua kuhusu mtoto kiandikwe na kibaki kwenye faili la mtoto, ndani ya kabati la shule. Asiyetaka masharti hayo ashukuriwe kwa nia yake njema na aachwe aende.

Hatusemi hivi kwa kuwabeza watu wa nje. Elimu maalum ya nchi hii iliasisiwa nao. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na Buguruni Viziwi ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1974, ni matunda ya chama cha hiari. Mafundi wa viungo bandia wa hapa nchini na wa nchi nyingine nyingi za Afrika wamesomea TATCOT, chuo kilichofunguliwa mwaka 1981 kwenye eneo la hospitali ya KCMC, Moshi, kwa msaada wa Ujerumani. Shirika la CCBRT linahudumia watoto wenye ulemavu tangu 1994. Ukiwaondoa hao wote, maelfu ya Watanzania wasingejua kusoma, na wengine wasingejua kutembea.

Wala hatutarajii serikali iajiri mtaalamu wa matamshi kwa kila shule kesho asubuhi. Kwa miaka mingi ruzuku ya uendeshaji ya shule za msingi imepigiwa hesabu ya Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hiyo hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni kikishanunua chaki na karatasi za mitihani, hakibaki hata cha nauli ya mtaalamu. Kwa hiyo watoa huduma wa nje wataendelea kuja, na sisi tunataka waje.

Marekani, ambako shule hukodi wataalamu wa nje kila siku, swali la nani anawajibika lilimalizwa na sheria zamani. Tangu 1975 mamlaka ya elimu ya umma ina wajibu wa kumpa kila mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa, bila malipo, kwa mpango ulioandikwa kwa ajili ya mtoto huyo. Ikikodi kampuni, au hata ikimpeleka mtoto shule binafsi kwa gharama zake, wajibu unabaki kwake, na mzazi haambiwi akaidai kampuni. Shule zao zina fedha ambazo zetu hazina. Lakini kuandika kwamba shule ndiyo inayojibu kwa mzazi hakugharimu chochote, na Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 tayari inataka mtoto mwenye ulemavu apate shuleni huduma saidizi anazohitaji. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa zilikoishia.

Tuanze na kiti mwendo, maana ndicho kinachopigwa picha kuliko vyote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo katika nchi zenye uwezo mdogo unataja hatua nane za huduma hii: rufaa, kumpima mtumiaji, kuamua kiti cha aina gani kinamfaa, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha na kukirekebisha, kumfundisha namna ya kukitumia, kisha ufuatiliaji na matengenezo. Siku ya makabidhiano haifiki hata robo ya kazi hiyo. Kwetu mara nyingi siku hiyo ndiyo kazi yote. Viti vinashushwa, vyote saizi moja, mgeni rasmi anahutubia, watoto wanaimba. Mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo anawekwa kwenye kiti cha mtu mzima. Nyonga zinateleza mbele, mgongo unalalia upande mmoja, miguu inaning'inia kwa kuwa pa kuiwekea hapafiki. Hakuna anayemwona akiumia, kwa kuwa hawezi kusema na kwa kuwa kila mtu amefurahi. Muhula ukiisha mgongo umeanza kuzoea kupinda na makalio yana vidonda. Jirani yake kiti chake kimepata pancha ya gurudumu la mbele. Fundi baiskeli wa pale senta angeweza kulishughulikia, lakini hakuna aliyeelekezwa gurudumu hilo ni la saizi gani wala nani atamlipa, basi kiti kinaegeshwa stoo na mtoto anarudi kubebwa mgongoni.

Shule inayosimamia huduma zake ingeuliza kabla gari halijaingia getini. Nani amempima mtoto huyu? Mna saizi ngapi? Vipuri vinapatikana wapi? Nani atarudi baada ya miezi mitatu, na asiporudi tumpigie nani simu? Mfadhili asiye na majibu bado anaweza kusaidia sana: alete viti vichache kuliko alivyokusudia, na fedha iliyobaki imlipe fundi wa kupima na kurekebisha. Mwalimu mkuu anayemwambia hivyo hajakosa adabu. Amefanya kazi yake.

Kwa mtoto mwenye usikivu hafifu mambo ni yaleyale, ila kasoro yake haionekani kwa macho. Shimesikio linatumia betri ndogo ya duara ambayo huisha kwa wiki moja au mbili. Lina pia kile kipande kinachoingia sikioni, kilichotengenezwa kwa umbo la sikio la mtoto huyo tu. Mtoto anakua, sikio linakua naye, kipande kinalegea, sauti inavuja, na shimesikio linaanza kupiga mluzi. Mwalimu aliyeelekezwa akisikia mluzi huo anajua kipande kimekuwa kidogo na kinatakiwa kipya. Asiyeelekezwa anamwambia mtoto alivue kwa sababu linasumbua wenzake. Kuanzia siku hiyo kifaa cha fedha nyingi kinakaa mfukoni mwa kaptula, na kwenye taarifa ya mradi mtoto yule amehesabiwa miongoni mwa waliosaidiwa. Maelekezo ya dakika kumi kwa mwalimu wa darasa yangekiokoa kifaa kile, pamoja na mwaka mzima wa masomo. Dakika hizo kumi, na betri za kutosha hadi ziara ijayo, ndizo tunazotaka ziwe sharti la kumruhusu mtu yeyote agawe mashimesikio shuleni.

Hapa tunagusa kosa linalofanywa hata na wataalamu wazuri kabisa. Mtaalamu anamtoa mtoto darasani, anamwingiza chumba cha pembeni, anafanya naye kazi nusu saa, anamrudisha. Kwa wiki mtoto huyo ana nusu saa ya mtaalamu na zaidi ya saa ishirini za walimu wake. Ikiwa walimu hawajui kilichofanyika ndani ya ile nusu saa, kimeishia mlemle chumbani. Mtaalamu wa lugha na matamshi amfundishe mtoto mwenye usonji kuomba kitu kwa kuonyesha picha, na mtoto aweze: hiyo ni hatua kubwa, na wazazi waliowahi kuishuhudia wanajua furaha yake. Picha zile zikiondoka na mkoba wa mtaalamu saa sita mchana, mtoto anarudi darasani bila njia ya kusema ana kiu. Kisha anapiga kelele, na mwalimu anaandika kwenye daftari kwamba ana utovu wa nidhamu.

Kwa sababu hiyo malengo yaandikwe kwa maneno ambayo mwalimu wa kitengo cha elimu maalum, mzazi na hata mpishi wa shule wanaweza kuyapima. "Kuboresha stadi za mawasiliano" ni sentensi isiyomfunga mtu yeyote. "Ifikapo Juni aweze kuomba maji, kuomba kwenda chooni na kusema inatosha, mbele ya mwalimu yeyote" inamfunga mtaalamu, inamfunga mwalimu, na Juni ikifika kila mtu anajua kama imetimia. Mwalimu wa darasa aingie kwenye kipindi cha mtaalamu walau mara moja katika kila ziara. Mzazi naye aitwe, na aitwe mapema, maana mama anayeuza mboga sokoni hawezi kuacha meza yake kwa taarifa ya asubuhi ileile.

Kwenye shule binafsi za mijini tatizo lina sura nyingine. Mzazi analipa ada, juu ya ada anamlipa mtaalamu kwa kila kipindi, na wakati mwingine anamlipa pia mwalimu msaidizi wa kukaa na mtoto siku nzima. Shule inajiona imemaliza wajibu wake kwa kumfungulia mtu huyo geti. Mwalimu wa darasa anasema mtoto yule ana mwalimu wake. Msaidizi anasema mtaala haumhusu. Mtaalamu anakuja Jumanne kipindi cha Hisabati kwa kuwa ndipo anapata nafasi, na mwisho wa mwaka mzazi anaambiwa mwanawe yuko nyuma katika Hisabati. Hilo halikubaliki. Ada ilipokelewa ili mtoto huyo afundishwe, na shule iliyoipokea imteue mwalimu mmoja wa kuwakutanisha hawa wote, kupanga ratiba, na kumjibu mzazi kwa niaba yao.

Tuseme pia jambo ambalo wengi hulikwepa kwa kuona haya. Mtoto asiyeweza kusema, au asiyeona, au anayehitaji kusaidiwa chooni, ni mtoto ambaye mtu mbaya anaweza kumdhuru bila kuogopa kusemwa. Wengi wa wanaokuja kuwasaidia watoto hawa ni watu wema, na watu wema hawachukii kuulizwa kitambulisho, cheti cha taaluma na barua ya mwajiri wao. Asiruhusiwe mtu wa nje kukaa peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa, awe daktari, awe mchungaji, awe mzungu aliyekuja kujitolea kwa wiki mbili. Mlango uwe wazi au mwalimu awepo. Shule zetu zimeelekezwa kuwa na madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto, na mwalimu wa dawati ndiye anayefaa kumsomea kila mtoa huduma masharti hayo siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa darasa.

Kuna na habari za picha na majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Hata hivyo bado tunaona picha za watoto wetu zikitumika kuchangisha fedha, uso ukionekana wazi, jina la shule likisomeka kwenye sare. Kwa mtoto mwenye ualbino hili linaweza kugharimu maisha. Watu wa Kanda ya Ziwa hawajasahau miaka ambayo watoto hawa walikuwa wakiwindwa, hadi serikali ikawakusanya kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wasalimike. Orodha ya majina ya watoto wenye ualbino, pamoja na vijiji vyao, haipaswi kuondoka shuleni kwenye simu ya mgeni. Anayetaka takwimu za mradi wake apewe idadi, na idadi inamtosha.

Faili la mtoto tunalolidai lina faida nyingine inayoonekana siku ya mtihani. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi za maandishi makubwa, na wasioona za nukta nundu. Yote hayo hutegemea kama shule imemtambulisha mtahiniwa mapema na kwa usahihi. Ikiwa aliyempima macho mtoto akiwa darasa la nne aliondoka na matokeo kwenye kompyuta yake, na mradi wake ukafungwa, mwalimu wa darasa la saba atajuaje? Mtoto ataingia chumba cha mtihani na karatasi asiyoweza kuisoma, na matokeo yatasema hana akili.

Na miradi hufungwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa tangazo la siku moja, na katikati ya mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lenyewe likafungwa. Miradi mingi ya elimu na afya ya Afrika Mashariki ilifunga ofisi bila hata kuaga vizuri. Waliokuwa wakitegemea kumbukumbu za mradi walibaki mikono mitupu, kwa kuwa kumbukumbu zilikaa ofisi ya mradi. Majirani zetu wa Kenya wanatuonyesha kwamba msaada unaweza kuondoka na kazi ikabaki. Vituo vyao vya kupima watoto wenye mahitaji maalum vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mwaka 1986 ikaanzishwa kisheria taasisi ya elimu maalum, KISE, jijini Nairobi. Wafadhili wale waliondoka zamani. KISE ipo hadi leo, inafundisha walimu na kupima watoto, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa mali ya serikali ya Kenya.

Tunaitaka TAMISEMI iandae mkataba wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, utumike na kila shule yenye kitengo, na kila halmashauri iukubali bila kuuongezea mihuri. Uonyeshe nani anakuja, mara ngapi, kumfanyia mtoto gani nini, nani anamwelekeza mwalimu, kifaa kikiharibika anaitwa nani, na taarifa ya kila ziara inaachwa kwa nani. Walimu wanaotoka chuo cha Patandi, Arusha, wana ujuzi wa kutosha kuusimamia mkataba kama huo, mradi wapewe mamlaka ya kumwambia mgeni "hapana" bila kuogopa simu kutoka wilayani. Afisa Elimu Maalum wa halmashauri apewe mafuta ya kuzunguka shule zake walau mara moja kwa muhula. Maafisa hao wapo, majina yao yapo kwenye mbao za ofisi, na kinachowakwamisha mara nyingi ni lita ishirini za dizeli. Halmashauri inayopata mafuta ya kukimbiza mwenge haiwezi kutuambia imeyakosa ya kwenda kumwangalia mtoto aliyekaa vibaya kwenye kiti chake.

Kuna watakaosema masharti haya yatawafukuza wafadhili. Tunaamini yatawapunguza wale wanaokuja kwa ajili ya picha, na hao hatutawalilia. Mashirika yenye kazi ya kweli yanalalamika kinyume chake: kwamba yakifika shuleni hayakuti mtu wa kukabidhiana naye kazi, kwamba mwalimu waliyemfundisha amehamishwa bila kuacha maandishi, kwamba mtoto waliyempima mwaka jana anapimwa tena upya kana kwamba hawajawahi kumwona. Mkataba utawasaidia hao kabla ya kumsaidia mwingine yeyote.

Wathibiti ubora wa shule wanaweza kuanza muhula ujao, bila kusubiri waraka. Wakifika shule yenye kitengo wachague watoto watatu kwenye rejista, waombe mafaili yao, wasome nani alikuja, alifanya nini na kimebadilika nini. Faili lisipokuwepo, mwalimu mkuu aeleze kwa maandishi liko kwa nani na litarudi lini, na barua hiyo ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa mzazi wa mtoto.